Kati ya nani? Mwongozo kamili wa kozi ya kwanza ya uwezekano na takwimu kwa wanachuo wa Dar

Kozi ya uwezekano na takwimu ina jina baya kuanzia Mlimani hadi Muhimbili, lakini ukiitazama vizuri, hesabu zake ni nyepesi kuliko za kalkulasi. Unajumlisha, unazidisha, unagawanya, unatafuta kipeuo cha pili. Mwanafunzi anayepata sapu mara nyingi fomula zote anazo kichwani. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kujiuliza swali moja dogo kabla ya kushika kikokotoo: kati ya nani? Uwezekano wowote ni sehemu, na kila sehemu ina kiasi juu na asili chini. Ukikosea kiasi utapoteza alama moja mbili. Ukikosea asili, swali zima limekwenda na maji.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao vyuo vingi huutumia: kueleza data, kanuni za uwezekano, vigeu nasibu na migawanyo yake, sampuli, makadirio, majaribio ya nadharia tete, kisha rigresheni kama muhula haujaisha. Penye wepesi nitapita mbio.

Hatua ya 1: Vifaa, na kutu ya sekondari

Unahitaji kikokotoo cha kisayansi chenye sehemu ya takwimu, kaunta buku moja ya mihadhara na nyingine ya maswali tu, na nakala ya majedwali ya Z, t na khi-mraba, yale yale yatakayogawiwa kwenye chumba cha mtihani. Majedwali yanatofautiana: mengine yanatoa eneo lote la kushoto kwa Z, mengine yanatoa eneo kati ya sifuri na Z. Anayezoea moja akapewa jingine siku ya mtihani hupotea bila kujua. Kama una laptop, weka R, programu ya takwimu, ni ya bure. Excel nayo inatosha kwa kozi hii.

Kisha futa kutu. Mambo manne tu: sehemu, seti, faktoria, na alama ya sigma (Σ), ile ya kujumlisha. Jipime hivi: kwa namba 1, 2 na 3, tafuta jumla ya vipeo vyake vya pili, kisha tafuta kipeo cha pili cha jumla yake. Ya kwanza ni 14, ya pili ni 36. Kama hukuona tofauti kati ya maswali hayo mawili, rudi kwenye sigma jioni hiihii, maana fomula ya variansi, kipimo cha mtawanyiko, imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya 2: Shika data yako mwenyewe

Usisubiri data za mhadhiri. Simama kituoni Mwenge asubuhi, andika dakika zinazopita kati ya daladala moja na nyingine za njia yako. Tuseme umepata 4, 6, 5, 7, 6, 5, halafu mvua ikanyesha ukapata 38. Jumla ni 71, wastani ni dakika 10.1. Zipange kwa ukubwa, ya katikati ni 6. Hiyo ndiyo medieni. Kati ya namba saba, sita ziko chini ya wastani. Huo wastani haukukosewa, ila hauelezi asubuhi ya kawaida pale kituoni. Ndiyo maana mtu akikutangazia wastani wa kodi ya nyumba jijini, muulize medieni. Nyumba chache za Masaki zinatosha kuubeba wastani mpaka mahali ambapo mpangaji wa Mbagala hautambui.

Baada ya katikati, tafuta mtawanyiko. Chukua 4, 6, 5, 7, 8. Wastani ni 6. Mikengeuko ni −2, 0, −1, 1, 2. Vipeo vyake vya pili vinajumlika kuwa 10. Ukigawa kwa 5 unapata variansi ya 2, ukigawa kwa 4 unapata 2.5, na mkengeuko sanifu, yaani kipeuo cha pili cha variansi, wa 1.58. Ipi ni sahihi? Inategemea namba hizo tano ni nani. Kama ndizo kundi zima unalolizungumzia, gawa kwa 5. Kama ni sampuli iliyochotwa ili kukisia kundi kubwa, gawa kwa 4, yaani n − 1. Sababu ni kwamba mikengeuko kutoka kwenye wastani wa sampuli lazima ijumlike kuwa sifuri: ukishajua minne, wa tano hauna uhuru. Kwenye kikokotoo kuna vitufe viwili kwa kazi hizi mbili, na kwenye Excel kuna STDEV.P na STDEV.S. Jua ni kipi kinafanya nini kabla ya jaribio la kwanza.

Kabla hatujaondoka kituoni, kuna fumbo linalostahili muda wako. Tuseme daladala zinapishana kwa dakika 2, kisha 18, kisha 2, kisha 18. Wastani wa pengo ni dakika 10. Abiria anayefika wakati wowote tu atasubiri wastani wa dakika ngapi? Wengi husema 5. Lakini katika kila dakika 20, dakika 18 ziko ndani ya pengo refu, kwa hiyo uwezekano wa abiria kuangukia humo ni 0.9, na humo atasubiri wastani wa dakika 9. Uwezekano wa kuangukia pengo fupi ni 0.1, na humo atasubiri dakika 1. Jumla: 0.9 × 9 + 0.1 × 1 = dakika 8.2. Msimamizi anayehesabu kati ya mapengo anasema 10, na anasema kweli. Abiria anayehesabu kati ya abiria anaona ameonewa, naye anasema kweli. Ukilielewa hili vizuri, umeshaelewa nusu ya kozi.

Hatua ya 3: Kanuni chache za uwezekano

Elimu hii ilianza na barua kati ya Pascal na Fermat mwaka 1654, kuhusu kugawana fedha za kamari iliyokatizwa. Ilichukua hadi 1933 kwa Mrusi Kolmogorov kuijengea msingi imara wa seti. Misingi yake ni mitatu tu: uwezekano haushuki chini ya sifuri, jumla ya matokeo yote ni 1, na matukio yasiyoweza kutokea pamoja yanajumlishwa. Mengine yote kwenye kozi yanatokana na hayo.

Kanuni ya kijalizo ndiyo inayookoa muda zaidi. Ukiona "angalau moja", hesabu "hakuna hata moja" kisha toa kwenye 1. Mfano: Coaster imebeba abiria 30. Uwezekano kwamba angalau wawili wana siku moja ya kuzaliwa ni upi? Hesabu kwamba wote wametofautiana: 365/365 × 364/365 × 363/365, endelea hivyo hadi 336/365. Utapata karibu 0.294. Toa kwenye 1: 0.706. Watu 23 tu wanatosha kuvuka nusu. Ukiona kama muujiza, ni kwa sababu ulihesabu wanaofanana na wewe. Swali liliuliza jozi yoyote, na abiria 30 wanatoa jozi 435.

Kwenye kuhesabu njia, jiulize kama mpangilio una maana. Kamati ya watu watatu kutoka kwa kumi: njia 120. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina kutoka kwa hao hao kumi: njia 720. Namba ya siri ya tarakimu nne zisizojirudia: 10 × 9 × 8 × 7 = 5,040, kati ya namba 10,000 zote. Inatosha, wanaofanya maswali mengi ya mafungu na mipangilio wiki nzima wanajichosha kwa alama chache.

Pa kukaa ni kwenye uhuru wa matukio. Matukio mawili ni huru kama kutokea kwa moja hakubadilishi uwezekano wa jingine. Hapo ndipo unaporuhusiwa kuzidisha moja kwa moja. Usichanganye na matukio yasiyoweza kutokea pamoja, kosa ambalo wasahihishaji hulikuta kila mwaka. Kama A ikitokea B haiwezi kutokea, basi A imekuambia kila kitu kuhusu B. Huo ndio utegemezi wenyewe.

Mfano mzuri unao mfukoni mwa jirani yako: mkeka wa kubashiri mechi. Tuseme ameweka timu 10, kila moja ina uwezekano wa 0.8 wa kushinda, na mechi ni huru. Kila timu ukiitazama peke yake ni ya uhakika. Mkeka mzima kutiki ni 0.8 kwa kipeo cha kumi, yaani 0.107. Mara tisa katika kumi, unachanika. Sasa ongeza malipo. Odi ni namba inayozidisha dau lako ukishinda. Odi ya haki kwa uwezekano wa 0.8 ni 1.25, anayechezesha akikupa 1.20, tofauti inaonekana kidogo. Ukizizidisha kumi unapata 6.19. Thamani tarajiwa ya shilingi 1,000 ni 1,000 × 0.107 × 6.19, karibu shilingi 665. Pengo la asilimia 4 kwa kila mechi limekula theluthi ya fedha kwa sababu linazidishwa pamoja na mechi. Na aliyechanikiwa mara tano mfululizo hadaiwi na bahati. Wa sita hauna habari na mitano iliyopita.

Hatua ya 4: Uwezekano wenye sharti na Bayes

Hapa ndipo watu wanapoachwa, kwa hiyo punguza mwendo. P(A|B) ni uwezekano wa A ikiwa B imeshatokea. Kilichotokea ni kwamba asili imebadilika: hatuhesabu tena kati ya wote, tunahesabu kati ya wale wa B peke yao. Ndiyo maana fomula inagawa kwa P(B).

Chukua kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni. Namba hizi ni za zoezi tu. Kati ya watu 100 wenye malaria, kinawagundua 95. Kati ya watu 100 wasio nayo, kinawasingizia 5. Mtu amepimwa, kimesema anayo. Uwezekano kwamba anayo kweli ni upi?

Jibu linalokimbilia mdomoni ni 0.95. Lakini hiyo 0.95 ni kati ya wenye malaria, na swali linauliza kati ya waliosomeka kwamba wanayo. Ni makundi mawili tofauti kabisa.

Usianze na fomula. Anza na watu 1,000. Tuseme umepima watu wazima mtaani wasioumwa chochote, na kati yao 20 wana vimelea. Kipimo kitawagundua 19. Waliobaki 980 hawana, lakini asilimia 5 yao, yaani 49, watasingiziwa. Waliosomeka kwamba wanayo ni 19 + 49 = 68. Wenye malaria ya kweli kati yao ni 19. Jibu ni 19/68, karibu 0.28.

Sasa beba kipimo hicho hicho mpaka zahanati, msimu wa masika, ambako aliyeko kwenye foleni tayari ana homa. Tuseme huko 400 kati ya 1,000 wanayo. Wataonekana 380. Kati ya 600 wasio nayo, 30 watasingiziwa. Jibu ni 380/410, karibu 0.93. Kipimo hakijabadilika hata chembe. Waliobadilika ni waliosimama kwenye foleni. Mwanafunzi wa udaktari anayelishika hili wiki hii atalihitaji kazini kuliko nusu ya vitu vingine alivyokariri.

Ukishafanya kwa watu 1,000, ndipo uandike fomula na kuona kwamba kila kipande chake unakifahamu: juu kuna 0.02 × 0.95, chini kuna hiyo hiyo pamoja na 0.98 × 0.05. Sehemu ya chini ndiyo kanuni ya uwezekano wa jumla, ile 68 kati ya 1,000. Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza, hakuiona kazi yake ikichapishwa. Alifariki 1761, na rafiki yake Richard Price ndiye aliyeisukuma ikatoka 1763.

Zoezi la kujifunga: chukua sentensi zenye asilimia kwenye magazeti au redioni, na kwa kila moja andika sharti liko wapi. "Asilimia 60 ya waliopata ajali walikuwa kwenye bodaboda" na "asilimia 60 ya waliopanda bodaboda walipata ajali" ni sentensi mbili zinazoachana kama mbingu na ardhi. Namba ni ya kubuni. Mkanganyiko si wa kubuni.

Hatua ya 5: Tambua mgawanyo kabla ya kuchukua fomula

Kigeu nasibu ni namba inayotokana na jaribio ambalo matokeo yake huyajui bado. Andika kila mara kwa maneno: "X ni idadi ya wateja katika dakika 10." Sentensi hiyo huwa na alama yake, na pia inakulazimisha kutaja asili.

Binomia: idadi ya majaribio inajulikana mapema, kila moja ni ndiyo au hapana, uwezekano haubadiliki, na ni huru. Mtihani wa maswali 10 ya kuchagua, kila swali lina majibu manne, nawe unabahatisha yote. Uwezekano wa kupata angalau manne ni 1 toa uwezekano wa 0, 1, 2 na 3: 1 − 0.776 = 0.224. Ukipandisha kiwango mpaka angalau matano, unaanguka hadi 0.078.

Poisson: unahesabu matukio ndani ya muda au eneo, na hakuna idadi ya majaribio iliyotajwa. Mfano uliojulikana sana ni wa Bortkiewicz, aliyeonyesha mwaka 1898 kwamba vifo vya askari wa Prussia waliopigwa mateke na farasi vinaufuata. Mfano wa mtaani kwako ni kibanda cha wakala wa pesa kwa simu chenye wastani wa wateja 3 kwa dakika 10. Uwezekano wa kukosa mteja kwa dakika 10 ni e kwa kipeo cha −3, yaani 0.0498. Kwa dakika 20? Wastani sasa ni 6, na jibu ni 0.0025. Mtego wa mtihani huwa hapo: swali linabadilisha muda kimyakimya, nawe unaendelea na 3. Tahadhari nyingine: Poisson inadai kasi isiyobadilika. Wakala wa Kariakoo saa tano asubuhi na saa mbili usiku hana kasi moja, kwa hiyo usimwekee wastani mmoja wa siku nzima.

Mgawanyo wa kawaida: kengele, wastani na mkengeuko sanifu. Karibu 68% ya thamani ziko ndani ya mkengeuko mmoja, 95% ndani ya miwili, 99.7% ndani ya mitatu. Mashine inajaza maji kwa wastani wa mililita 502, mkengeuko 2. Chupa iliyo chini ya 500? Z = (500 − 502)/2 = −1, eneo 0.1587. Sasa mhadhiri mjanja ataongeza sehemu ya pili: katoni ya chupa 12, uwezekano kwamba hakuna hata moja iliyopunjwa? Hapa umehamia binomia bila kuambiwa. 0.8413 kwa kipeo cha 12 ni karibu 0.126. Maswali ya kuunganisha migawanyo miwili hivi yanapendwa sana na watunzi, yafanyie mazoezi.

Na usimvalishe kila mtu kengele. Mishahara na kodi vina mkia mrefu upande wa kulia. Chora histogramu kwanza.

Hatua ya 6: Sampuli, pale takwimu inapoanza

Mpaka sasa tulijua kundi, tukabashiri sampuli. Kuanzia hapa tunageuka: tuna sampuli, tunakisia kundi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na 5,383,728 kati yao mkoani Dar es Salaam. Huwezi kufanya sensa kila ukitaka kujua jambo. Unachota sampuli, na hapo watu huuliza: watu 1,000 watatosha vipi kwa jiji la milioni tano? Kosa sanifu la wastani ni mkengeuko ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha n, idadi ya watu kwenye sampuli. Ukubwa wa jiji haumo kwenye fomula hiyo. Kwa uwiano ulio karibu na nusu, watu 1,000 waliochotwa kwa nasibu wanakupa kosa la asilimia 3 hivi kila upande, uwe Dar au Lindi. Ukitaka kulipunguza kwa nusu, unahitaji watu 4,000, si 2,000. Ni kama kuonja mchuzi: kijiko kimoja kinatosha kwa sufuria ndogo na kwa sufuria ya harusi, mradi umeukoroga.

Kukoroga ndiyo kazi. Ukisimama mlangoni mwa Mlimani City ukauliza watu elfu kumi kuhusu kipato, una sampuli kubwa ya wanaoingia Mlimani City. Jarida la Marekani, Literary Digest, mwaka 1936 lilipata majibu zaidi ya milioni 2 na kutangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitolewa kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa mdororo wa uchumi, na waliojisumbua kujibu walikuwa wachache kati ya waliotumiwa.

Nadharia ya kikomo cha kati inasema wastani wa sampuli kubwa hufuata kengele hata kama data zenyewe hazifuati. Soma tena: *wastani wa sampuli*, si data. Ukikusanya kodi za wapangaji elfu kumi, histogramu yake haitakuwa kengele kwa sababu tu ni wengi. Kwenye R unaweza kuiona kwa dakika chache: chota sampuli za watu 40 mara elfu, tafuta wastani wa kila moja, chora.

Hatua ya 7: Makadirio na majaribio

Mwenye banda la chipsi anajinadi kwamba mteja anasubiri wastani wa dakika 20. Umepima wateja 36 waliochaguliwa kwa nasibu, wastani 24, mkengeuko sanifu 9. Kosa sanifu ni 9/6 = 1.5. Kwa kuwa mkengeuko umetoka kwenye sampuli, tumia t yenye digrii huru 35, yaani n − 1. Thamani yake kwa 95% ni 2.03. Masafa ya uhakika ni 24 ± 3.05, karibu dakika 21 hadi 27. Mgawanyo huu wa t ni kazi ya William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeuchapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la "Student".

Tafsiri yake ina mtego unaokula alama. Hiyo 95% haihusu masafa yako haya moja. Ni kwamba kati ya masafa yote ambayo yangetokana na sampuli za namna hii, 95% yangeubeba wastani wa kweli. Asili ni masafa.

Sasa jaribio. Andika nadharia tete sifuri, H₀: wastani ni 20. Mbadala: si 20. Hesabu t = (24 − 20)/1.5 = 2.67. Ni kubwa kuliko 2.03, kwa hiyo unaikataa H₀ kwa kiwango cha 5%. Thamani-p ni karibu 0.01. Maana yake: kama wastani wa kweli ungekuwa 20, sampuli moja tu kati ya mia ingekuwa mbali kiasi hiki au zaidi. Haimaanishi kwamba mwenye banda ana uwezekano wa 1% wa kusema kweli. Hilo ni lilelile la malaria: uwezekano wa data ikiwa nadharia ni kweli si uwezekano wa nadharia ikiwa tumeona data. Na usiandike kamwe "tunaikubali H₀." Ukishindwa kuikataa, andika kwamba ushahidi hautoshi.

Kuhusu 0.05: ni desturi iliyopata nguvu kupitia Ronald Fisher katika miaka ya 1920. Thamani ya 0.049 na 0.051 zinasema karibu jambo moja. Kwenye mtihani fuata mstari. Kwenye tasnifu yako tumia akili.

Hatua ya 8: Rigresheni na khi-mraba, kwa ufupi

Khi-mraba hulinganisha idadi zilizoonekana na zilizotarajiwa. Tumia idadi, usitumie asilimia, na hakikisha zilizotarajiwa hazipungui 5 kwenye kisanduku. Rigresheni: chora nukta kwanza, ndipo utafute mstari. Mteremko utafsiri kwa vipimo vyake, "kila kilomita moja inaongeza shilingi kadhaa", na usiurefushe mstari kupita data zako. Siku ambazo miamvuli inauzika Kariakoo ndizo foleni inapokuwa mbaya Barabara ya Morogoro, lakini ukipiga marufuku miamvuli hutaifungua barabara pale Jangwani. Mvua imezaa vyote viwili.

Hatua ya 9: Wiki za muhula na saa za mtihani

Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na jaribio la kwanza huja mapema, mara nyingi likiangukia kwenye Bayes. Kwa hiyo hatua ya 1 hadi ya 4 zimalize kabla ya wiki ya sita. Diskasheni iwe ya watu wanne au watano; mmoja anasimama ubaoni, wengine wanauliza "kati ya nani?" mpaka akasirike. Kikundi cha watu kumi na watano kinageuka kijiwe.

Mitihani ya nyuma isome kwa namna hii: kwa maswali ya miaka kadhaa, usikokotoe. Andika tu kigeu ni nini, mgawanyo upi, na asili ni nani. Ukishaweza kufanya hivyo kwa maswali ishirini bila kusita, ndipo ukokotoe machache kwa ukamilifu. Kukokotoa ni kazi ya kikokotoo. Kutambua ni kazi yako.

Siku yenyewe, soma karatasi yote kabla ya kuandika. Swali lenye hadithi ndefu si lazima liwe gumu. Mara nyingi urefu wake umebeba masharti yote unayoyahitaji. Kwa kila jibu andika kigeu kwa maneno, mgawanyo na vigezo vyake, fomula iliyojazwa namba, jibu kwa desimali nne, kisha sentensi moja inayorudi kwenye chupa, wateja au wagonjwa waliotajwa. Alama za njia hutolewa hata jibu likikosea, lakini msahihishaji hawezi kukupa alama ya kitu kilichobaki kwenye kikokotoo. Ukipata uwezekano wa 1.3 au variansi hasi na muda wa kurekebisha haupo, andika pembeni kwamba jibu haliwezi kuwa sahihi na kwa nini, halafu hamia swali linalofuata. Na futa data za zamani kwenye kikokotoo kabla ya kuingiza mpya.